Aliyelikataa Bwawa la Kijani

Wasomaji wangu, juma hili sina hamu ya kuandika juu ya bei ya mahindi wala ubovu wa barabara ya kutoka Makambako kwenda Njombe. Jirani yangu, yule mama mjane wa Mahongole, amefariki. Tumemzika Jumamosi kwenye ukungu mzito, wanakwaya wakiimba huku meno yanagongana. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu mpole. Kwa heshima ya msiba nilinyamaza, lakini hapa ni kwenye safu yangu, nami nasema hakuwa mpole hata kidogo. Ng'ombe wetu wako hai kwa sababu hiyo.

Kwetu ng'ombe huchungwa kwa zamu. Kila nyumba ina siku yake, na mwenye zamu hutoka na mifugo ya kitongoji kizima. Ilipokuja amri kwamba mifugo yote inywe kwenye bwawa jipya la serikali, tulifurahi, tukajenga mazizi yetu mlimani juu yake ili tusihangaike na safari. Mvua ikasomba samadi yote hadi bwawani. Kiangazi kilipokolea, maji yaliyotuama yakawa kijani kizito, kama rangi ya kupaka milango. Bata maji ndio waliotangulia kufa, wakaelea matumbo juu. Watu wakawaokota kwa vikapu, wakishangilia kitoweo cha bure. Mama akawapokonya na kuwafukia huku akitutukana sote. Fisi akafukua, akala, akafia papo hapo. Zamu ya mama ilipofika, hakuwapeleka ng'ombe bwawani. Aliukata ua wa waya wa setla, yule mzungu mwenye shamba la jirani, akawanywesha kwenye kijito kilichokuwa upande wa pili.

Akaitwa barazani. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa serikali pale bomani, alisema maji hayana kasoro, bata wamekufa kwa baridi, na mama amwombe setla radhi, la sivyo atafungwa.

“Kwa baridi?” mama akauliza. “Bata wa huku huku Njombe? Na fisi je, Bwana Mkubwa, naye alisahau blanketi?”

Baraza zima likaangua kicheko, hata askari. Jumbe, mkuu wa kijiji chetu, akamsogelea. “Mama, sema samahani tu, yaishe.”

“Sisemi. Ng'ombe wa watu walikuwa mkononi mwangu. Ulitaka niwarudishie ngozi?”

Akafungwa, akafagia ua wa boma. Huku nyuma jumbe, ili kuonyesha utii, aliwapeleka ng'ombe wake mwenyewe bwawani, na kabla ya jua kuzama alikuwa anawachuna. Baadaye bwana mifugo alitueleza kwamba ile rangi ni mimea midogo mno inayostawi kwa samadi na maji yaliyotuama, nayo hutoa sumu. Mama hakukubali. Hadi anakufa alishikilia kwamba setla alimwaga humo dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe. Hapo alikosea, kwa maana bwawa tulilichafua sisi wenyewe, kwa amri na kwa uvivu. Lakini sisi wengine tulioyaona maji yale kwa macho yetu tuliliogopa boma kuliko sumu, na jambo hilo bado linanikera. Nani alitufundisha kusubiri ruhusa ili tuokoe mali yetu? Mama alipofunguliwa alirudi nyumbani, akasema “Kamwene”, salamu yetu ya kila siku, kwa jirani mmoja mmoja, na zamu yake ilipofika akapita palepale penye waya.

Aliyekabidhiwa ng'ombe wa jirani hana sababu ya kuomba radhi kwa kuwarudisha hai. Hilo ndilo ninalobaki nalo, na sitaki mtu anilainishie. Mazizi yako palepale, bwawa limeanza tena kubadilika rangi, na ua wa setla umezibwa kwa waya mpya. Zamu ya marehemu ni Jumatano. Pale makaburini waliuliza nani ataichukua, nikanyoosha mkono. Jumbe naye aliniona, basi ajue kabisa nitapita wapi.