Antena Mpakani mwa Mama Kalenga

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka, kichwa kinanizunguka hadi leo. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, diploma bado inanukia wino, na Kifaransa changu kilikuwa kizito kiasi kwamba nikisema bonjour pale mtaani kwetu Bel-Air, mbwa wa wilaya nzima ya Kampemba wananyamaza wasikilize. Kwa ajili ya Kifaransa hicho watu wa chuo kikuu walinichukua niwe mlinzi na msemaji wao kule Annexe, pembezoni mwa mji, walikokuwa wakisimamisha antena za rada katikati ya mashamba ya mahindi.

Rada hiyo ilikuwa ya kuchunguza upepo. Si huu unaotujaza vumbi puani wakati wa kiangazi, hapana. Ni upepo wa juu kabisa, juu sana kuliko ndege zinapopita. Antena zenyewe zilikuwa fito za chuma zenye vijiti pembeni, kama samaki aliyeliwa ikabaki miiba. Nikazitazama, nikajiuliza, hizi zitakamata upepo gani? Hazina hata bendera!

Ingénieur Ilunga, kijana mpole aliyesimamia kazi, alinieleza akiwa amechuchumaa, anachora mavumbini kwa kidole. Alisema kila wakati vipande vidogo vya mawe vinaingia kutoka anga za mbali, vinaungua huko juu, na kila kimoja kinaacha nyuma yake mstari, kama moshi wa sigara. Rada inatuma mawimbi ya redio, yanagonga ule mstari, yanarudi. Upepo ukiwa unausukuma mstari, mawimbi yanarudi yamebadilika kidogo, na hapo unajua upepo unakwenda wapi na kwa kasi gani.

"Hata mchana?" nikauliza.

"Hata sasa hivi, papa. Juu ya kichwa yako."

Nikashika kichwa. Mwanangu, mimi nimezaliwa Kambove, baba yangu alikuwa mchimbaji. Kwetu jiwe linatoka chini, na linatoka kwa jasho. Sasa huyu ananiambia mawe yanashuka yenyewe, jua likiwaka, na hakuna anayeyaona? Sikuelewa hata robo. Lakini mwenye diploma mpya hawezi kukaa na robo yake kimya. Kabla ya juma kwisha nilikuwa nimeuelezea mtaa mzima, pamoja na mbuzi wake.

Jirani yetu wa karibu kabisa alikuwa Mama Kalenga, mjane aliyelisha watoto wake kwa shamba la mahindi lililopakana na antena zetu. Lilikuwa limebaki nusu. Upande wa pili watu walikuja siku moja na vigingi vyao, wakavipigilia, wakasema wamenunua, na nusu ikaenda hivyo hivyo. Kule Annexe, mwanangu, kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa mara nyingi mpaka nyoka wa humo wasijue wamwogope nani.

Basi Mama Kalenga akanijia, jembe begani.

"Papa mulinzi, ile fito yenu ya mwisho, ile iko karibu na mahindi yangu. Ni ya nini?"

Nikafurahi! Nikamweleza mawe, nikamweleza mstari, nikamweleza mawimbi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nasikia, papa. Lakini shamba yangu inaishia wapi?"

"Mama, mawazo yako yanabaki chini tu? Tazama juu!"

Nikaanza upya, mikono yote miwili hewani, nikaupandisha ule upepo mpaka karibu na mlango wa Mungu. Mama Kalenga alitazama juu, akanitazama mimi, akahamishia jembe bega la pili, akaenda zake.

Haikupita siku nyingi, upepo wa rada ukalewa. Sina neno lingine. Ilunga alikaa mbele ya kompyuta akishika mashavu. "Jiwe hii inaungua chini kuliko muti ya mwembe! Ile ingine imepita mwezi! Ah non, haiwezekane!" Akabadilisha nyaya, akazima, akawasha, akasali. Wakubwa wa chuo wakaanza kusema labda mahali penyewe hapafai, rada ihamishiwe mji mwingine.

Mimi nilikuwa na majibu, ya gunia zima. Nikasema ni joto. Nikasema ni radi. Nikasema madini ya Katanga yaliyo chini yanayaita mawe ya juu, kwa kuwa ni ndugu. Ilunga aliniangalia kama mtu anayeangalia redio iliyojiwasha yenyewe.

Papa Sumaili, mzee wa moja ya familia zilizotoka Maniema, seremala, alikuwa akipachika mlango wa kibanda cha mashine. Akaweka nyundo chini.

"Weye, mutoto wa diploma. Juzi nilikuona na Mama Kalenga. Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza habari ya rada, papa."

"Alikuuliza nini?"

"Shamba lake linaishia wapi."

"Na ulimujibu nini?"

Nikainua mikono yote miwili hewani, kama siku ile.

"Ulimujibu mawe ya mbinguni," akasema. "Mama anaogopa chakula ya batoto bake, weye unamwambia atazame juu. Unalinda fito namna gani, na haujue jirani anaogopa nini?"

Tukaenda wote watatu hadi kwenye fito ya mwisho. Simenti ilikuwa haijafika, kwa hiyo fito ilisimama kwenye udongo mtupu, na udongo ule ulikuwa umechimbwa upya. Fito ilikuwa imesogezwa upande wetu, kidogo tu, ikasimamishwa wima vizuri kabisa na kushindiliwa kwa miguu, kama watu wanavyosogeza kigingi cha mpaka.

Mama Kalenga akaja mwenyewe, hata hatukumwita.

"Ndiyo, miye njo niliisogeza. Muchana, bantu banaona. Banakuja na fito, kesho banasema parsele, kiwanja hii, ni yabo. Nusu ilienda vile. Hii sitoe."

Ilunga akakaa chini palepale, anacheka na kushika kichwa kwa pamoja. Akamwambia antena zile zinasikiliza pamoja, kama masikio. Umbali kati yao ndio unaoonyesha jiwe liko wapi angani. Ukisogeza moja, hesabu yote inapotea.

"Basi si mupaka?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Si mupaka. Mupaka wako uko pale pale ulikuwa."

Akapumua kwa nguvu, jembe likashuka begani. Halafu akanigeukia.

"Sasa weye, Papa Diploma, ulisema maneno yote ile, ukashindwa kusema 'si mupaka'?"

Walicheka wote. Papa Sumaili alicheka mpaka akatafuta mahali pa kushika. Mimi nilitazama juu, kutafuta jiwe lolote linishukie.

Tukamwita chef wa kartye, mkuu wa mtaa, pamoja na majirani, wakatembea mpaka wote kwa miguu, wakapigilia vigingi vya kweli mbele ya macho ya watu, vya Mama Kalenga, si vya mtu mwingine. Ndipo yeye mwenyewe akaishika fito tuirudishe mahali pake. Upepo ukarudiwa na akili. Na mwaka ule mahindi ya mama yalijaa hadi mstari wa mwisho kabisa, kivuli cha antena kikiyalalia.

Mpaka leo sijaelewa sawasawa mawe yale, sikufichi. Lakini hili nimelielewa, mwanangu: mtu akikuuliza, mjibu kwanza alichouliza, si kile unachotamani kueleza. Neno moja linalogusa hofu yake ni zito kuliko elimu yako yote. Na usilolijua, sema hulijui, halafu nenda kauliza.

Mungu akupe mahali pa kulima pasipo ugomvi. Na siku utakapoogopa, akuletee mtu wa kukujibu.