Makucha Yenye Niliunga Chini ya Tricycle ya Yaya

Munitukane kwanza, kisha musome. Nilikosa. Shetani hakunisukuma, njaa haikunisukuma, na siku ile sikugusa hata tone ya pombe. Nilikosa sababu ya kiburi na uvivu, na kisha nikafunga kinywa. Hiyo ya kinywa njo mubaya zaidi.

Minye ni soudeur hapa Likasi, kuunga byuma njo kazi yangu. Jina yangu muache. Yaya yangu, ni kusema dada yangu mukubwa, mutoto wa kwanza wa mama, tumwite Mado. Haiko jina yake, lakini itatosha.

Yaya Mado ni mujane. Alikuwa anauzisha samaki ya ziwa Tshangalele ku soko. Miaka mingi alikuwa anapanda nyuma ya moto, pikipiki ya batu, beseni ku magoti, mupaka akapata tricycle yake mwenyewe, ile moto ya mipira tatu yenye sanduku nyuma. Akajifunza kuiendesha. Mwanamuke! Ba papa ya quartier, mutaa yetu, banacheka: "Muangalie chauffeur wa samaki!" Yeye anabonyeza klaxon, honi yake, anapita. Na niseme kweli, aliendesha muzuri kunipita minye.

Taabu yake ilikuwa matope. Wakati ya mvua barabara ya ziwa inakuwa nyekundu na inanata. Matope inajaa juu ya mipira mupaka inakataa kuzunguka. Yaya anashuka, anakwangua na panga, anapanda, hatua kidogo tena anashuka. Samaki nayo haingoje mutu. Ikifika ku soko imelegea, ba mama banainusa na kugeuza uso.

Akakuja kwangu. "Mutoto ya mama, unitengenezee kintu. Weye si fundi?"

Nilijua kintu gani. Mzee mwenye kunifundisha kazi alikuwa anatengeneza makucha. Ni byuma mbili, unabifunga chini ya sanduku, ncha yake inalala juu ya mupira na inakwaruza matope pale mupira inazunguka. Mzee alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, chuma ikuwe ya ressort, springi ya motokari, yenye kupinda, hapana fer à béton, nondo ya kujengea. Ya pili, makucha ikuwe na bawaba, mwenye tricycle aiinue kabla ya kurudi nyuma. Siku moja nilimuuliza sababu ya nini. Akanijibu: "Pitisha mukono ku samaki, toka kichwa kwenda mukia. Ni laini, hapana? Sasa rudisha mukono. Inakukata. Makucha njo vile: mbele inakwaruza, nyuma inakamata."

Nilisikia. Nilielewa. Asiniambie mutu eti sikufundishwa!

Siku Yaya alikuja, sikuwa na ressort. Bawaba nayo ilikuwa kazi ya siku mbili, na yeye alitaka kwenda ziwa kesho yake asubui. Ningesema, "Yaya, ngoja." Maneno mbili tu! Lakini batu walikuwa banasimama pale banaangalia, na nilikuwa nimeisha kuwaambia eti hii kintu niliivumbua minye mwenyewe. Nikachukua fer à béton, nikakata, nikaunga. Ngumu kabisa. Haipindi, haiinuki.

Sasa musikie. Kwetu ku atelier, karakana yetu, kuko desturi. Mwenye kuunga kintu chini ya engin, chombo ya kuendesha, yeye njo anaiendesha wa kwanza, kabla ya mwenyewe. Anaenda mbele, anarudi nyuma. Kama ni kuvunja mutu, ivunje yeye.

Nilipanda. Nikaenda mbele mupaka ku barabara. Pale nilipaswa kurudi nyuma, nikazunguka duara, nikarudi kichwa mbele. Nilizunguka na madaha, batu bakapiga makofi. Muniambie, mutu mwenye hajui kitu angezunguka sababu ya nini? Nilijua! Mikono yangu ilijua.

Yaya, macho yake haikosi kintu, akauliza: "Na nikirudisha nyuma?"

"Hakuna kintu, Yaya. Enda tu."

"Kweli?"

"Yaya, fundi ni minye ao ni weye?"

Akacheka. Akaniwekea mukono ku kichwa, sawa vile alikuwa anafanya nikiwa mudogo. Eh Mungu wangu!

Kesho yake akanipigia simu akiwa njiani. "Matope inaruka yenyewe! Sijashuka hata mara moja! Aksanti, fundi yangu." Nikawaonyesha batu simu, kifua mbele. Kisha simu ikalia tena, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya muvuvi mumoja.

Ku ziwa, ili upakie samaki, unarudisha tricycle nyuma ku muteremuko mupaka karibu ya maji. Yaya alirudisha polepole, sawa siku zote. Kucha ya kushoto ikavunjika. Ya kuume ikaingia ndani ya mupira, ikaukamata. Upande moja inateremuka, upande moja imefungwa. Tricycle ikageuka na kulala juu ya muguu yake.

Nilipofika, walikuwa bameisha kumupeleka hospitali. Tricycle njo ilibaki, inalala ubavu. Na minye, badala ya kukimbia kwa yaya yangu, nilifanya nini? Nilitoa msumeno ya chuma ku mufuko. Nilikuja nao toka Likasi, musikie muzuri, niliuweka ku mufuko kabla ya kutoka! Nikakata makucha, nikatupa ku maji. Nikachota matope, nikapaka pale nilikuwa nimeunga, alama isionekane.

Ku hospitali muguu ya Yaya bakaukata, juu kidogo ya kifundo.

Siye asili yetu ni Kasai, babu alikuja huku na kazi ya mugodi. Kwetu neno ya famille inakatwa na papa mukubwa, kaka mukubwa ya baba. Anauliza mara tatu kama kuko mwenye iko na neno. Mara ya tatu ikipita, anafunga, na neno yenye kufungwa haifunguliwe tena.

Tulikutana kwake. Ba tonton, bajomba na ba baba wadogo, bakasema, "Mwanamuke hajui kurudi nyuma. Tulisema, hatukusikiwa." Papa mukubwa akauliza, "Kuko mwenye iko na neno?" Nikaangalia biatu yangu. Akauliza tena. Nikakohoa. Mara ya tatu njo Yaya mwenyewe akasema, kitambaa ku muguu, "Labda ni minye nilikosa. Mudogo yangu alinifanyia kazi muzuri, nikaiharibu. Naomba anisamehe."

Nikasema nini? Nikasema, "Hakuna shida, Yaya."

Na mujue walifanya nini na tricycle? Bakanipa minye! "Mwanaume ataweza kuiendesha." Nikapokea funguo na mikono mbili.

Wakati ile yote ya mvua niliiendesha. Yaya akabaki ku kiti mbele ya nyumba, anapaa samaki ya ba mama wengine, wanauzisha wao. Nikipita anasema, "Aksanti kwa kuichunga."

Kisha siku moja ba mama wawili bakakuja ku atelier na tricycle zao. "Yaya Mado njo alitutuma. Anasema makucha yako ni muzuri sana, yeye alipata tu bahati mubaya. Tuwekee na siye."

Nikawaambia bangoje, nikatembea mupaka kwa Yaya.

Alikuwa anapaa samaki. Nikamuambia yote: fer à béton, kuzunguka, msumeno, matope. Kisu yake haikusimama. Aliimaliza ile samaki, akaiweka ndani ya beseni, akapanguza mikono.

"Muguu, ningekusamehe," akasema. "Muguu ni ajali, na weye ni damu yangu. Lakini uliacha baseme sijui kuendesha. Na ukaacha nikuombe pardon. Minye, nikuombe weye pardon!"

"Yaya..."

"Usiniite Yaya. Enda useme mbele yao."

Nilienda. Nikapiga magoti mbele ya papa mukubwa, ba tonton wote bakiwa pale. Akanisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema, "Neno ile ilifungwa. Nilikuuliza mara tatu, ulikuwa na biatu ya kuangalia." Tonton mumoja akacheka. "Dada yake njo anamutuma, anataka tricycle yake." Wengine bakaitika. Mara ya kwanza nasema kweli, na hakuna hata mutu moja mwenye kuniamini!

Ba mama wale wawili niliwarudisha bila makucha. Tricycle nilipeleka kwa Yaya, iko kwake ku parcelle, kiwanja ya nyumba yake, hakuna mwenye kuiendesha. Sahani ya chakula yenye muke yangu anamutumia inarudi na chakula yake juu. Nikimupigia, simu inalia mupaka inanyamaza.

Njo maana naandika hapa, kwenye hakuna papa mukubwa wa kufunga neno.

Ba fundi wenzangu, kama hauna ressort, sema hauna. Aibu ya siku moja haiui mutu. Rudini nyuma kabla ya mwenyewe, nyinyi wa kwanza. Na ukikosa, usingoje mara ya tatu, sema pale pale mara ya kwanza wanauliza. Ukichelewa, hata kweli yako batu wataiita uwongo.

Na weye mwenye kusoma, kama siku moja uko ku soko ya Likasi na unasikia batu banacheka mwanamuke wa samaki mwenye alipoteza muguu sababu hakujua kurudi nyuma, usicheke nao. Waambie mudogo yake ameandika. Waambie yaya yangu alijua kuendesha.