Sifuri Iliyotoboa Karatasi

Mwalimu Bisimwa alisahihisha kwa penseli mpaka uzee wake. Wenzake pale shuleni Kasha walimcheka: mwalimu gani hana wino mwekundu? Yeye aliichonga penseli yake kwa wembe. Cibalonza, mwanafunzi wake wa zamani, ndiye aliyejua sababu.

Mwaka wa 1974 Cibalonza alikuwa darasa la sita. Mwalimu aliandika insha ya mfano ubaoni, watoto wakaikariri, kisha wakaiandika vilevile. Aliyekosa neno alipunguziwa alama. Mfano wa wiki ile ulisema mvua ni baraka kwa mkulima. Cibalonza akaandika kwamba mvua ikinyesha, mama yake aliyekufa huja kuketi kwenye kiti chake, na kwa kuwa bati linavuja pale, yeye hukisogeza ili mama asilowe.

"Umekopia mu kitabu gani?" mwalimu akauliza.

"Iko yangu, mwalimu."

"Huyu hata kikohozi anakopia," mmoja akadakia nyuma. Darasa likacheka.

Mwalimu akamwandikia sifuri kwa wino mwekundu, kubwa kama yai. Jioni akaja kwao, daftari kwapani, kumwuliza shangazi yake, Françoise, kitabu kiko wapi. Mvua ikamkuta mlangoni.

"Karibu, mwalimu. Kaa pale," shangazi akasema, akimwonyesha kiti.

Kabla hajaketi, Cibalonza alikuwa ameshakivuta pembeni. Tone la kwanza likaanguka pale kilipokuwa.

"Umuache tu," shangazi akasema. "Kila mvua iko anafanya vile, kwa ajili ya mama yake. Na kitabu, mwalimu, hapa hakuna."

Mwalimu alikitazama kile kiti kitupu muda mrefu. Kisha akaomba wembe, akaanza kuikwangua sifuri. Wino haukutoka, karatasi ikatoboka.

Tangu siku ile hakuandika tena mfano ubaoni. "Andikeni yenu," alisema. Wengine walijaribu. Cibalonza alimpa kila mara insha ileile ya mfano, ya mvua na mkulima, bila kukosa neno. Naye aliisoma mpaka mwisho kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, akampa alama zote, kwa penseli.

Miaka kumi na mitano ikapita. Cibalonza, sasa karani mjini, aliyekuwa akiandika barua za wakubwa tu, alikwenda kumwona mwalimu, aliyelazwa hospitalini. Alimkuta amefumba macho. Akavuta kiti, akaketi. Mvua ikaanza kugonga bati, na mwalimu akafumbua macho, akatazama nyuma ya bega la Cibalonza.

"Cibalonza," akasema, "sogeza kiti, binti. Mama yako atalowa."