Stika Iliyofutwa kwa Spiriti

Mama mdogo wangu ni mwoga, na wala hafichi. Akifunga mlango, lazima arudi kuusukuma. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, anaitazama mpaka inyamaze. Nikimcheka hunijibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," kisha anaendelea na uoga wake. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, mdomo wangu hauna breki, na sijui damu yetu ilipishana wapi.

Kazi yake ni mapokezi kwenye zahanati. Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia, huchovya pamba kwenye spiriti akafuta meza, kibodi, kipanya na sanduku zima la kompyuta, juu, mbele na ubavuni. Hakuna aliyemtuma. Zahanati kila kitu hupigwa spiriti, naye aliona kompyuta nayo isiachwe na vijidudu vyake. Sasa pale ubavuni ndipo ilipobandikwa stika yenye ufunguo wa leseni, zile herufi na tarakimu zinazothibitisha kwamba mfumo unaoendesha mashine ulinunuliwa kihalali. Spiriti iliulamba wino kidogo kidogo, mpaka stika ikabaki nyeupe pe.

Hakuna aliyeligundua hilo mpaka umeme ulipokatika, ukarudi kwa kishindo na kuunguza ubao mkuu wa ile kompyuta. Fundi wa zahanati aliweka ubao mwingine. Mashine ikawaka, kisha ikadai ufunguo. Usipoupata inajifunga, na habari za wagonjwa wote zimo humo: nani ana kisukari, mtoto gani kachanjwa, dawa gani inamdhuru nani. Daktari, mkuu wa pale, aliinama akaitazama stika. Akauliza nani kaifuta.

Mama mdogo anasema ulimi ulimganda. Mlangoni alikuwa amesimama mfagiaji, mwanamke mtu mzima wanayemwita Bi Ndoo, ndoo mkononi na kitambaa begani. Daktari alikitazama kile kitambaa.

"Ni wewe na madawa yako ya kusafishia," akasema.

Bi Ndoo alijibu kwamba kompyuta haigusi, aliambiwa tangu mwanzo asiiguse. Daktari hakumsikiliza. Akamwambia aende nyumbani na asirudi. Bi Ndoo alimgeukia mama mdogo, akangoja. Mama mdogo akainama, akajifanya anatafuta kalamu.

Hayo yote mimi sikuyajua aliponiita Jumamosi mchana, zahanati ikiwa imefungwa. Kufuli lilimshinda, nikamfungulia mimi.

"Mwanangu, nisaidie," akasema. "Wakijua ni mimi niliyefuta, nimekwisha. Kwa umri huu nani atanipa kazi nyingine?"

Nilimwambia atulie. Ufunguo haukai kwenye stika peke yake. Mfumo ulipowekwa, ufunguo ulihifadhiwa pia ndani ya diski, na diski haikuungua. Nilichomeka flashi yenye kiprogramu changu cha kuusomea. Alisimama nyuma yangu akinipumulia shingoni, na nikamsikia akiomba Mungu chinichini. Herufi zikatokea, fungu baada ya fungu. Nikaziingiza. Mashine ikazunguka, ikazunguka. Ikakubali.

Nilitegemea atashangilia. Badala yake alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, akalia, ndipo akanieleza habari ya Bi Ndoo.

Nilipandwa na hasira. "Mama mdogo, umekaa unatazama mtu akifukuzwa kwa kosa lako?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, spiriti?"

"Leo usinicheke," akasema.

Tulikwenda kwa Bi Ndoo mchana ule ule. Ni chumba kimoja chenye pazia katikati, na mlangoni palikuwa na beseni la nguo za watu, maana alishaanza kufua ili apate chochote. Alitukaribisha vizuri mno, akapangusa kiti kwa pindo la gauni lake.

"Zahanati nzima ni wewe tu uliyekuja kunijulia hali," akamwambia mama mdogo. "Mungu akulipe, mwenzangu."

Mimi nilitazama sakafu.

"Ni mimi niliyeifuta ile stika," mama mdogo akasema.

"Najua. Kila asubuhi nakuona na pamba yako. Siku ile nilikungoja useme."

Mama mdogo alianza kuomba radhi. Bi Ndoo akamkatiza taratibu. "Nimeshakusamehe. Lakini aliyenifukuza si wewe. Msamaha wangu haunirudishi kazini."

Hapo ndipo nilipomwona mama mdogo akiogopa kweli. Njiani kurudi, mimi mwenye mdomo ndiye niliyemshauri amwombee tu Bi Ndoo arudishwe, hayo mengine ayameze, maana nilimwonea huruma na nilijua kazi ile ndiyo inayomweka mjini.

Jumatatu nilimsindikiza. Daktari alikuwa ameshaiona mashine ikifanya kazi, na alikuwa na furaha tele.

"Umetuokoa, wewe na huyu fundi wako," akamwambia mama mdogo. "Karibu ukae."

Hakukaa. Alishika ukingo wa mlango.

"Daktari, stika nilifuta mimi, kwa spiriti. Bi Ndoo hakuigusa kabisa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na siku ile ukanyamaza?"

"Niliogopa."

"Leo huogopi?"

Hakuuachia ule ukingo wa mlango.

"Naogopa, Daktari," akasema. "Mrudishe yeye kwanza, halafu ndiyo unifukuze."