Mkate wa Kambini

Mdogo wangu alikufa kwa mkate, na nyumbani kwetu hatukuwahi kulala njaa.

Baba alikuwa sajini katika kambi ya jeshi ya Koboko. Miaka ile ya sabini, mkate ulipoadimika Arua nzima, sisi tulikuwa nao mezani asubuhi na jioni. Muhogo na mtama vilikuwa chakula cha washamba, yaani ukoo wa mama kule Ajia. Baba alivitaja akikunja pua, nasi watoto, majuha wadogo, tulijua kukunja pua kabla ya kujua kusoma.

Mdogo wangu, msichana wa miaka minne, alianza kuharisha na hakuacha. Tumbo lilimvimba, miguu ikabaki mifupa. Baba, bingwa wa kila kitu, akatoa hukumu: "Mutoto iko nakosa nguvu. Ongeza mukate." Tukauloweka kwenye chai ya maziwa, tukamlisha kwa kijiko. Kadiri alivyodhoofika ndivyo tulivyomshindilia. Miaka mingi baadaye, daktari aliyemtibu binti yangu ndiye aliyenieleza kwamba ngano ina kitu kiitwacho gluteni, na wapo watu ambao kitu hicho huwaharibia utumbo, hata chakula kinapita tu bila kuwafaa.

Mama alipochoka kutazama, alimpeleka Ajia kwa bibi. Huko ngano haikuonekana. Miezi mitatu ya ugali wa muhogo na mtama, mtoto akawa anafukuza kuku uwanjani.

Ndipo baba akaja kumchukua, kavaa sare, mkate kwapani, nami nyuma yake. Bibi, ambaye kwa desturi yao hakutazamana na mkwe, alisema akiwa nyuma ya mlango: "Baba ya watoto, acha yeye hapa. Hapa iko nakula, iko nalala."

Baba akacheka. Eti binti wa sajini alelewe kwa muhogo. Mama, aliyekuwa amebaki naye huko, akafunga nguo za mtoto.

Ndani ya gari baba aliniambia nimkatie mtoto mkate. Kabla hatujafika Koboko mtoto akatapika.

"Munaona?" baba akasema. "Muhogo ya bibi yenu natoka."

Namdharau kwa maneno hayo mpaka leo. Lakini siku ile nilimwamini kabisa. Nilimfuta mdogo wangu mdomo, nikamkatia kipande kingine.