Herufi Moja ya Philbert

Yuster alikuwa amefikia jina la thelathini na nane alipolifunga lile dirisha jeusi la kwenye kompyuta, na majina yote thelathini na nane yakaondoka nalo. Kidole anachoandikia kilikuwa kinamuuma tangu jina la ishirini.

"Mukecuru, bibi kizee wetu, amefuta tena!" Anatoli, mwenyekiti wa kikundi, akawatangazia waliokaa mlangoni wakisubiri mbegu. "Mara ya tatu wiki hii. Jamani, si tumpe Happyness hizo funguo za ghala? Yeye ana kidato cha nne."

Happyness ni mke wa mwana wa Anatoli mwenyewe. Hilo hakulitangaza.

Ghala la mbegu la Mabawe Yuster amelitunza miaka kumi na tisa. Maharage ya kila nyumba anayajua kwa rangi, ya Secilia yenye madoa, ya kina Niyongabo mekundu yaliyoiva, na haijatokea hata mwaka mmoja mbegu ya mtu ikachanganyika na ya mwenzake. Shule aliishia darasa la pili, lakini daftari lake lilisomeka. Ndipo ikaletwa kompyuta, na ndani yake programu ya orodha iliyotengenezwa na Philbert, fundi wa Rusumo anayewatengenezea pia mawakala wa forodha. Mkutano ukaamua: majina yasipoingia yote kufikia Ijumaa, Yuster akabidhi funguo.

Leo ndiyo Ijumaa.

Akampigia Philbert. "Njoo."

"Bibi, niko kazini huku."

"Nimesema njoo."

Alifika saa nane kwa pikipiki, akaiendea kompyuta mezani moja kwa moja.

"Mimi na hiyo meza, nani mkubwa?" Yuster akamuuliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa kaa."

Philbert akachukua karatasi ya majina, akacheka. "Laulian? Bibi, ni Laurian. Hizi l na r zako zitatuua." Anatoli, aliyemwimbia l na r hizo wiki nzima, naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe.

Yuster akabonyeza mara mbili kile kipicha cha programu. Orodha ikafunguka, na nyuma yake likachomoza dirisha jeusi, tupu, limekodoa macho.

"Hili ni nini?"

"Si nilikwambia halina kazi yako?"

"Basi! Dirisha lisilo na kazi humu ghalani nalifunga. Panya wanapitia wapi?"

"Aa, bibi, ukilifunga hilo na programu inazimika, maana inaendeshwa kutoka humo. Hilo ni langu mimi fundi. Nikiwa natengeneza, makosa nayasomea humo."

"Rudia hapo. Mwenyekiti asikie."

Philbert akarudia, safari hii polepole.

"Kwa hiyo umenijengea nyumba, ukaliacha jukwaa lako la kujengea limeegemea ukutani. Nikiling'oa, nyumba inaanguka. Halafu mjinga ni mimi." "Linaondoka au haliondoki?"

"Linaondoka."

"Siku ngapi?"

Philbert akainama, akagusa jina la faili, akaandika kitu mwishoni, akabonyeza. Orodha ikafunguka peke yake. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Umefanya nini?"

"Nimeongeza w. Jina la faili liliishia na py. Likiishia na pyw, lile dirisha halifunguki."

"Herufi moja."

"Moja tu, bibi."

Yuster akasimama. "Wiki nzima naimbiwa l na r! Nanyang'anywa funguo zangu kwa l na r! Na wewe uliyesoma mpaka ukachoka, w nzima umeiacha nyumbani kwenu!"

Mlangoni watu wakaangua kicheko. Anatoli akaangalia viatu vyake.

"Nisamehe, bibi. Basi, ngoja niwahi, nina mteja..."

"Mteja wako ni mimi. Yaliyopotea utayaandika wewe. Mimi nasoma." Akaenda mlangoni. "Anatoli, toka nje ukasubiri na wenzako." Akaufunga mlango kwa ndani, funguo akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, fundo mara mbili, kisha akavuta kiti mpaka begani kwa Philbert.

"Wa kwanza, Niragira. Kwa r. Hiyo naijua."