Kutu Niliyoipeleka Lobule

Jamani, aibu ziko za aina nyingi, kuna ya kuteleza sokoni mbele ya watu na kuna ya suruali kupasuka kanisani, hizo mtu anazicheka baada ya wiki mbili, lakini yangu mimi bado sijaicheka na sidhani kama nitaicheka, naieleza tu kwa sababu hapa Arua kila mtu ana toleo lake (wapo wanaosema nilimpiga shangazi wa watu, wapo wanaosema nilipeleka bomu ukweni), na kama kuchekwa ni lazima basi nichekwe kwa kile nilichokifanya kweli.

Kazi yangu ni kuandika mabango. Saluni, duka la dawa, hoteli ya pilau, ukiona herufi zimenyooka mjini huenda ni mkono wangu. Nilizaliwa kambini, baba alikuwa askari, Kiswahili ndicho tulichogombania nacho ugali tangu utotoni, ndiyo maana mimi na Kiden tulielewana haraka, yeye Mkakwa wa Lobule upande wa Koboko, mimi Mlugbara wa Ediofe, kila mmoja anaona haya kukosea lugha ya mwenzake, basi tukakutana katikati kwenye Kiswahili na huko huko tukapendana. Alikuwa anashona nguo kibanda cha tatu kutoka kwangu. Miaka mitatu, na siku aliponiambia "sasa njoo kwetu na watu wako" nilikosea kuandika neno "kinyozi" mara mbili kwa furaha.

Sasa baba yake. Mzee Duku ni askari mstaafu, wa wale ambao hata suruali ya shamba wanaipiga pasi, na jembe lake analipaka mafuta kila jioni kabla ya kuliweka. Na ana hadithi moja. Anasema zamani akiwa jeshini alipelekwa mafunzoni ng'ambo, na siku moja bandarini akaona meli ya chuma, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha gwaride, ikazama yenyewe na watu ndani, ikakaa huko chini, kisha ikaibuka na watu wote wazima. Ameieleza hiyo hadithi Lobule miaka yote na hakuna aliyemwamini. Wanaume wenzake wakimwona anakuja wanaambiana "kaeni vizuri, meli inakuja kuzama," na hata wanawake kisimani wanamtania. Kiden alinieleza huku anacheka, halafu akaacha kucheka, akasema, "Inamuuma, Drani. Anajifanya haimuumi lakini inamuuma."

Kwa hiyo mnielewe nilivyoruka nilipoliona lile boksi. Lilikuwa kwenye rundo la mitumba, chini ya wanasesere wasio na macho, limefungwa selotepu, na juu yake picha ya nyambizi, meli ile ile ya chini ya maji aliyoisema mzee. Ndani vipande vya plastiki vya kuunga, vidogo vidogo, vingine kama kucha ya mtoto. Nikajua zawadi ya mkwe imepatikana, tena si mbuzi wala blanketi ambavyo kila mtu anapeleka, hii ilikuwa ushahidi. Siku ya posa ingefunguliwa mbele ya kijiji kizima, na mzee angesema, mnaona sasa.

Tuliijenga kila Jumapili mchana baada ya misa, mimi na Kiden, barazani kwangu. Yeye ana vidole vya sindano, vipande vidogo vilikuwa vyake, mimi gundi na msasa. Pangaboi la nyuma halikuwemo kwenye boksi nikalichonga kwa mpini wa mswaki, na lile bomba la kuchungulia juu ya maji nikalitengeneza kwa spoku ya baiskeli. Tukapaka rangi nyeusi, koti tatu, nikaipiga vanishi. Siku ilipokauka Kiden aliishika juani akaigeuza geuza, akasema, "Acha hapo. Usiiguse tena. Hivi ndivyo baba aliiona."

Ningeacha hapo leo ningekuwa mume wa mtu.

Lakini nilikuwa nimejiunga na kundi moja kwenye simu, la watu wa nchi mbalimbali wanaojenga vitu hivi, mimi peke yangu kutoka pande zetu, na nikatuma picha nikisubiri sifa. Mtu mmoja (sijawahi kumwona, simjui jina, picha yake ni mbwa) akaandika kwamba inafanana na kitu cha kuchezea mtoto. Basi. Kwa ajili ya maneno ya mbwa nikaanza kuizeesha, maana wenyewe ndivyo wanavyofanya, wakimaliza kujenga wanaipaka uzee, kutu, chumvi, uchafu wa bahari, ionekane imefanya kazi. Nikakwangua kutu halisi kwenye bati kuukuu la jikoni, nikaisaga, nikaipaka kwa brashi ya nywele tatu. Nikanyunyiza chumvi, nikapaka juu yake, nikaisugua chumvi itoke ili rangi ibaki imebabuka. Masizi ya sigiri ya mkaa kwenye viungo. Na tumboni, pale maji yanapoishia, ukungu wa kijani, na huo ukungu niwaambie ukweli hadi leo naona ulikuwa mzuri sana, kundi zima liliusifia.

Kiden akaja akaiona.

"Umeifanya nini?"

"Nimeizeesha. Kitu cha baharini lazima kiote kutu, ndiyo ukweli wake." (Mimi niliyesema hivyo maji makubwa niliyowahi kuyaona ni Nile pale Pakwach, nikipita.)

"Rudisha nyeusi."

"Nitarudisha," nikamwambia, na sikurudisha.

Siku yenyewe ikafika. Tulitoka Arua asubuhi, tukapita Koboko kununua soda na sukari, tukaingia Lobule kwa ile njia ya vumbi, nyambizi iko mapajani mwangu ndani ya boksi la keki lenye utepe. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, Andama, mzee mpole ambaye nilimwambia tu, "Hii ni ya baba mkwe, wewe itoe mwishoni," sikumweleza kilichomo kwa sababu nilitaka na yeye ashangae. Alishangaa. Na mnajua desturi, siku ya posa kijana anayeoa hasemi, anakaa kichwa chini kama mshtakiwa, wazee ndio wanaongea. Baba mdogo alinikumbusha hilo mara tatu njiani.

Mambo yalienda vizuri mpaka boksi. Turubai limejaa, kijiji chote kimekuja, Mzee Duku amekaa mbele na shati lenye mikunjo ya pasi, ameshaambiwa na Kiden kwamba kuna kitu chake, na nilimwona jinsi alivyokuwa anajizuia asitazame boksi. Shangazi mkubwa wa Kiden, Mama Poni, ndiye anayepokea vitu vya posa na kuvikagua. Akafungua utepe. Akainama. Akaitoa kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye gunia la mahindi.

"Iko na kutu," akawaambia watu wake. Halafu akatugeukia. "Mutu anakuja kuomba bibi kwetu na kitu ya kutupa?"

Baba mdogo maskini akasimama. "Mama, tunaomba musamaha. Hiyo ni vumbi ya njia."

"Vumbi ya Lobule mimi najua, iko nyekundu. Sasa hii ya kijani ilitoka wapi?"

Watu wakacheka, hata upande wetu (rafiki yangu mmoja niliyemlipia usafiri alikuwa ameshatoa simu anapiga video). Baba mdogo akaona aokoe jahazi, akasema, kwa mdomo wake mwenyewe, "Basi isafishwe." Na Mama Poni, mwanamke wa kazi, akaivuta beseni ya vyombo iliyokuwa karibu, ina maji ya sabuni, akachukua waya wa kusugulia sufuria, akaupitisha mara moja tumboni mwa nyambizi, na ukungu wangu wote ukaondoka.

Nikasimama. Sikukumbuka desturi wala posa wala Kiden, nilikumbuka ukungu.

"Mama, acha! Usiguse hiyo kitu."

Turubai zima likanigeukia, maana bwana harusi amesema, tena amemfokea shangazi. Baba mdogo akanivuta shati, vifungo viwili vikabaki mkononi mwake, mimi nikaenda. Nikaishika upande wa kichwa, yeye amekamata mkia, na yule mama anatwanga muhogo kila siku, hakuachia. Tukavutana. Ikaachana katikati, pale pale kwenye gundi, na Mama Poni akarudi nyuma akakaa ndani ya beseni na kitenge chake kipya, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya wazee.

Hapo bado ningeweza kuokoka. Ningepiga magoti, tungetozwa faini ya mbuzi, wangenicheka mpaka uzeeni lakini wangenicheka nikiwa mkwe wao. Mimi nikasimama na nusu ya nyambizi mkononi nikaanza kuwafundisha. Nikawaambia huu si uchafu, huu ni ufundi, kila doa la kutu nimelipaka kwa mkono, wiki saba. Mzee mmoja wa upande wao akaniuliza, kwa upole kabisa, "Yaani kitu ilikuwa muzuri, na wewe uliharibu kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, ndiyo," nikajibu, na kicheko kilichofuata bado nakisikia nikioga.

Ndipo Mzee Duku akainuka. Hakucheka. Alimsaidia kwanza dada yake kutoka kwenye beseni, akachukua ile nusu ya mkia, akaifuta kwa leso yake, polepole, akalitazama lile pangaboi la mswaki. Akaniambia, na sauti yake haikuwa ya hasira:

"Kijana, ile niliona haikuwa hivi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa. Nilisimama karibu yake kama mimi na wewe hapa. Waambie."

Jamani, alikuwa ananiomba msaada mbele ya wale wote waliomcheka. Hakuitaka samahani yangu, alitaka neno moja, ndiyo mzee, zipo, na zinang'aa, na kila mtu pale angemwamini kwa sababu mimi ndiye mtaalamu, si nimetoka kuwafundisha sasa hivi. Kiden alikuwa mlangoni pa nyumba, ananitazama. Na mimi, ulimi wangu huu, kwa sababu ya kutu, kwa sababu nilitaka nionekane nilikuwa sahihi, nikasema:

"Mzee, za kweli zinaota kutu. Labda unakumbuka vibaya."

Mtu nyuma akasema, "Si tulisema sisi." Kikapigwa kicheko kingine, na safari hii hakikuwa changu, kilikuwa chake. Mzee aliiweka ile nusu juu ya meza taratibu, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Hakuna aliyetufukuza. Walianza tu kukunja viti, na chakula tulichokuwa tunakisikia harufu tangu saa nne hakikuletwa. Baba mdogo njia yote mpaka Arua alishika vile vifungo viwili mkononi, na kwenye simu za watu video ilikuwa imefika mjini kabla yetu.

Nilimpigia Kiden siku nyingi, hakupokea. Baada ya mwezi hivi alikuja kuhamisha cherehani yake, nikatoka na brashi mkononi kumsaidia kubeba, akakataa. Nikamwambia najua nilimkosea shangazi, nitapeleka kitenge, nitapeleka mbuzi.

"Shangazi ameshasahau," akasema. "Anacheka. Anaeleza sokoni alivyokaa kwenye beseni."

"Basi kuna shida gani?"

"Baba ameacha kuieleza ile hadithi. Juzi wenzake walimwomba, kwa utani, tueleze meli, mzee. Akasema hakumbuki vizuri, pengine hakuiona."

Nikamwambia nitaenda mwenyewe Lobule, nitapiga magoti mbele ya kijiji, nitawaambia mzee alisema kweli.

Kiden alifunga kamba ya cherehani kwenye bodaboda, akaivuta ikaze, ndipo akanijibu. "Utawaambiaje, Drani? Uliiona wewe?"

Akapanda nyuma ya cherehani, akaenda. Sasa ana duka Koboko, na nasikia kuna mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya mpaka, Msudani Kusini, amepeleka watu wake Lobule na walikula wakashiba.

Kwa hiyo mimi siku hizi sizeeshi kitu, na lile kundi la simu nimetoka. Na mzee yeyote akikaa kibandani kwangu akaanza kunieleza jambo aliloliona mimi nikiwa sijazaliwa, liwe kweli liwe la uongo, naweka brashi chini, nasema ndiyo mzee, na nanyamaza mpaka amalize. Wananishangaa kwamba nimekuwa na adabu. Nimechelewa tu.